Nguzo Iliyorukwa: The Terminator Ndani ya Kibanda cha Malaba

Mwenye kibanda cha video alikuwa na sababu yake. Ndani tulikaa madereva wa trela, matanboi, vijana wa bodaboda, na watoto sita hivi waliopenya chini ya turubai bila kulipa. Kwa hiyo Kyle Reese alipomkumbatia Sarah Connor kitandani, mkono wa mwenye kibanda ulirukia rimoti. Picha zikakimbia. Zilipotulia, wawili wale walikuwa wameshavaa na adui yuko njiani. Wa nyuma walipiga miluzi ya kudai haki yao, basi. Lakini filamu ilipofika mwisho, Sarah akaonekana peke yake kwenye jipu, ana mimba, na dereva mmoja kutoka Mombasa akauliza kwa sauti: "Sasa hiyo mimba ni ya nani?"

Nimesoma chambuzi nyingi za filamu ile, na sikumbuki hata moja iliyoligusa jambo lenyewe haraka kama swali la yule dereva. Unaweza kuondoa mfukuzano mzima wa magari katika The Terminator na hadithi ikabaki imesimama. Ukiondoa dakika zile chache za chumba cha moteli, paa linakuja chini. Mwenye kibanda alidhani anakata pambo.

Kwa wasioijua: filamu ni ya 1984, imeongozwa na James Cameron, ina dakika 107, na iligharimu takriban dola milioni 6.4, pesa kidogo kwa Hollywood hata wakati huo. Mwaka 2029 mashine zinapigana na binadamu, na binadamu wanaongozwa na John Connor. Mashine zinamrudisha muuaji mpaka 1984 amuue mama yake John kabla hajamzaa. Muuaji ni roboti iliyovikwa nyama ya mtu, naye ni Arnold Schwarzenegger. Binadamu nao wanamtuma askari mmoja, Reese, aje kumlinda mama huyo.

Mpakani hapa filamu kama hii haiji peke yake, inakuja na mtu wa kuisimulia. Malaba na Busia ukisogea mita mia chache unabadilisha msimulizi: upande huu DJ Afro kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, upande ule VJ Jingo kwa Kiganda. Hata jina la ukumbi limevuka bila pasipoti, maana sisi tunasema vibanda na Waganda wanasema bibanda. Msimulizi huzungumza juu ya sauti za waigizaji, hueleza, hutania, hutabiri. Mtazamaji wa jumba la sinema la Nairobi angeona ni kuharibu. Mimi naona ni kipimo. Hadithi inayobaki wima huku mtu akipiga kelele juu yake, nje malori yakinguruma, na nusu ya watazamaji hawajui Kiingereza, imejengwa kwa mbao nzito.

Tazama theluthi ya kwanza. Wanaume wawili wanashuka usiku mmoja jijini Los Angeles, wote uchi, wote katikati ya radi. Mmoja anapata nguo kwa kuua. Mwingine anamvua suruali mlevi wa kichochoroni. Wote wanatafuta silaha, wote wanafungua kitabu cha namba za simu kutafuta jina lilelile. Cameron hatuambii nani ni nani. Anategemea tuwaogope wote wawili, na zaidi ya sisi anategemea Sarah awaogope.

Huo ndio ufundi, kwa sababu kosa la Sarah ndilo linalosukuma tukio. Anamwona Reese akimfuata barabarani, anadhani ndiye muuaji, anakimbilia klabu ya Tech Noir yenye watu wengi. Akiwa humo anapiga simu nyumbani kumwonya rafiki yake anayeishi naye, na anaacha ujumbe kwenye mashine ya simu, akitaja mahali alipo. Rafiki ameshauawa. Anayeusikiliza ujumbe ni roboti, imesimama sebuleni. Kwa kumkimbia mlinzi wake, Sarah amempa muuaji anwani.

Msimulizi wa kibandani huvunja fumbo hili mapema kabisa. Dakika ya tano ameshasema: huyu ndiye stelingi, yule ndiye adui. Nilidhani siku ile tumeibiwa. Kumbe tumeongezewa. Aliyeambiwa mapema anajua kwamba Sarah anamkimbia mtu asiyefaa kukimbiwa, na pale anaposhika simu kibanda kizima kinasimama: "Dada, usiseme uko wapi!" Cameron alipanga mshangao, msimulizi akaugeuza kuwa hofu, na mpango ukabeba vyote viwili. Filamu nyingi za mapambano zikifichuliwa siri yake moja zinabaki moshi na risasi.

Simu yenyewe inastahili kuangaliwa. Watu hukumbuka bunduki, lakini anayemfikisha adui kwa Sarah mara nyingi ni simu. Kwanza kitabu cha namba: kina Sarah Connor watatu, na roboti inawafuata kwa mpangilio kama karani. Wa kwanza tunamwona akiuawa mlangoni kwake, wa pili tunamsikia kwenye habari za televisheni, na hesabu iliyobaki kila mtoto wa chini ya turubai anaijua. Kisha ule ujumbe wa klabuni. Kisha, wakiwa moteli, Sarah anampigia mama yake na kumpa namba ya simu ya moteli. Kamera inapogeuka, mama hayupo, roboti inazungumza kwa sauti yake. Sisi tuliokwisha kupokea ujumbe wa "tuma kwa namba hii" kutoka kwa "ndugu" tusiyemjua hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kila Sarah anapozungumza na ampendaye, anaita kifo. Kanuni hiyo haisemwi popote katika filamu, inatendwa mara kwa mara mpaka mwili wa mtazamaji unaijua.

Sasa maelezo. Filamu za sayansi ya kubuni zina mzigo ambao filamu za ngumi hazina: lazima mtazamaji aelezwe dunia mpya, vita vyake na mitambo yake. Waongozaji wengi husimamisha hadithi mara mbili, mara moja kueleza na mara ya pili kupigana. Ni kama lori la zamani mpakani, likishughulikia karatasi upande wa Kenya, likisogea na kuanza upya upande wa Uganda. Kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, mantiki ilikuwa nyepesi: maofisa wa nchi mbili wakae upande mmoja, gari lisimame mara moja tu. Cameron alifanya hivyo na hadithi yake. Reese anaeleza habari za 2029 akiwa ndani ya gari la wizi, wameinama kwenye maegesho, polisi wanawatafuta na roboti inawatafuta. Sarah hamwamini, anamng'ata mkono. Maelezo na hatari vinapigwa muhuri dirisha moja.

Baadaye kidogo Cameron anaturudishia maelezo yaleyale kwa mlango mwingine. Kwenye kituo cha polisi, daktari wa akili Silberman anamhoji Reese na kumcheka. Anayecheka ndiye anayetukumbusha kila kipengele cha hadithi, na kwa sababu tunamkasirikia hatutambui kwamba tunarudia somo.

Tukio la kituo hicho ndilo Malaba hulipenda kupita yote. Roboti inafika kaunta, inaulizia Sarah. Askari wa zamu, bila kuinua macho sana, anaiambia isubiri, pale kuna benchi. Kibanda kilicheka mpaka msimulizi akanyamaza. Hakuna dereva wa trela aliyefika Malaba ambaye hajaambiwa akae kwenye benchi. Roboti inaangalia ukuta, inaahidi kurudi, na inarudi na gari kupitia kaunta yenyewe. Sekunde chache kabla, Silberman amepishana nayo mlangoni. Kifaa chake cha kuitwa kimelia, ameinamisha kichwa kukisoma, hakuiona. Mtu pekee aliyelipwa kutambua kilicho kichwani mwa mtu amepita kando ya chuma akidhani ni mtu. Cameron anaimaliza hoja hiyo kwa sekunde mbili na hairudii.

Kutoka hapo mpango unakuwa wa umbali. Mwanzoni kati ya mwindaji na mwindwa kuna miaka 45. Halafu jiji. Halafu waya wa simu. Adui naye anapungua: anapoteza jicho, anapoteza ngozi, lori la mafuta aliloliteka linalipuliwa naye akiwa ndani. (Lori lilipowaka, kibanda kilikuwa kimya kabisa. Nje palikuwa na foleni ya malori ya mafuta, na baadhi ya wenyewe walikuwa wamekaa mbele yangu.) Linatoka fupa la chuma. Reese analipua fupa hilo na anafia hapo. Kinabaki kiwiliwili kinachotambaa kwa mikono, na Sarah naye anatambaa, ameumia mguu. Kadiri adui anavyozidi kuwa mdogo ndivyo anavyozidi kuwa karibu, mpaka vidole vyake vinafika shingoni kwa Sarah kabla mashine ya kiwanda haijamponda. Sijui filamu nyingi za mapambano zinazothubutu kumalizia kwa mwendo wa kutambaa.

Turudi kwenye nguzo. Moteli ndipo Reese anapokiri kwamba alivuka wakati kwa sababu ya picha ya Sarah aliyopewa na John. Ndipo mtoto anapopatikana, naye ni John huyohuyo. Mashine zilipotuma muuaji zilisababisha kutumwa kwa baba. Ukilikata tukio hilo, Reese ni mlinzi tu, mimba haina mwenyewe, na safari nzima ya wakati inakuwa kisingizio cha kufyatua risasi. Lawama yangu moja kwa Cameron ni kwamba alirundika mzigo wote huo katika tukio moja, la faragha, ambalo mtu yeyote mwenye watoto ukumbini ataliruka. Katika ndoto za Reese tunaiona picha ikiungua, ila hatujui bado ni ya nini. Fungu moja zaidi la mapenzi, likiwa limevaa nguo, lingetosha.

Kuna njia nyingine. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alimaliza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 bila kujibu swali la jina lake: mpaka mwisho hatujui nani alimuua kapteni. Kibandani hakuna aliyedai jibu. Filamu yake imetandazwa kama mkeka, unaweza kukalia upande wowote. Ya Cameron ni pete. Ukikata kipande kimoja si pete tena.

Pete inafungwa kituo cha mafuta huko Mexico. Mvulana anampiga Sarah picha bila ruhusa, na tunaitambua: ni ileile ya Reese. Msimulizi wetu hakusema neno hapo, alikuwa bado anahangaika na ile mimba. Mvulana anataka dola 5, anadai baba yake atampiga asipozipeleka. Sarah anampa 4.