Muulize Muuzaji Imekaangwa Lini

Ukiushika mfuko wa kahawa dukani, usianze na upande wenye picha ya mlima. Ugeuze. Nyuma, au chini karibu na mshono, ndiko zinakoandikwa habari zenye maana, na iliyo kubwa kuliko zote ni tarehe ya kukaangwa. Usiichanganye na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo mara nyingi huwekwa mwaka mzima mbele na haimsaidii mnywaji kwa lolote. Unachotaka kujua ni siku punje zilipotoka motoni. Mkaangaji anayejiamini huiandika. Asipoiandika, muulize muuzaji. Akibabaika, rudisha mfuko kwenye rafu hata kama una "AA" kwa herufi za dhahabu.

Kahawa ambayo haijakaangwa, ile ya rangi ya kijani, ikitunzwa pakavu huvumilia miezi mingi. Ikishapita motoni hesabu hubadilika. Punje hupasuka kwa mlio, hutanuka, na ndani yake hubaki hewa ukaa nyingi ambayo hutoka polepole kwa siku kadhaa. Ndiyo maana mfuko mzuri una kitundu chenye vali: hewa inatoka, ya nje haiingii. Lakini manukato nayo yanatoroka taratibu, na oksijeni ikipata mwanya huyageuza mafuta ya punje yakaanza kunuka kama kadibodi. Kwa hiyo kuna dirisha. Siku mbili za kwanza kahawa bado ina fujo. Gesi inayasukuma maji nje na kikombe kinakuwa na ukali usiotulia. Kuanzia siku ya tano au ya sita hadi mwisho wa wiki ya nne hivi ndipo inapokuwa kwenye ubora wake, na ile iliyokaangwa kidogo huchelewa kutulia kuliko iliyokaangwa sana. Anayekusifia kwamba "imetoka motoni asubuhi hii" amekuuzia kitu cha kusubiri.

Tukirudi kwenye hiyo AA. Hapa wengi hupotea, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. AA ni kipimo cha ukubwa: punje zimepita juu ya chekecheo lenye matundu ya milimita saba na ushee zikagoma kudondoka. Hazikuonjwa. B, yaani punje ndogo kuliko hizo, ya chama cha msingi cha wakulima kinachochuma matunda mekundu tu itaishinda AA iliyochumwa mbivu na mbichi pamoja, na nimeona watu wakilipa zaidi ili wanywe kahawa mbaya zaidi kwa sababu ya herufi hizo mbili. Ukubwa unafaa kwa jambo moja, nalo ni kukaangika sawasawa. PB, ile punje ya mviringo iliyoota peke yake ndani ya tunda badala ya mbili bapa, ina wapenzi wengi Marekani, ambako PB ya Tanzania imejijengea jina. Ni punje nzuri, inabiringika vizuri kwenye mtungi wa kukaangia. Lakini madai kwamba utamu wa punje mbili umehamia kwenye moja ni hadithi ya dukani.

Swali la pili kwa muuzaji ni la mahali, na hapa usikubali jibu fupi. "Kahawa ya Kilimanjaro" ni jibu fupi. Huko Japani jina hilo limezoeleka kwa arabika ya Tanzania kwa jumla, hata iliyolimwa Mbinga, mamia ya kilomita kutoka mlimani. Mlima wenyewe si shamba moja. Kahawa ilipandwa katika misheni ya Kilema mwaka 1898, ikaenea kwenye vihamba vya Wachaga chini ya migomba, na hadi leo mkulima wa kawaida pale ana mibuni ya kujaza magunia machache tu kwa msimu. Mavuno yake huchanganywa na ya jirani zake kwenye chama cha msingi. Vyama hivyo ndivyo vilivyoungana kuwa chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933. Kwa kahawa ya aina hii, "mahali pamoja" maana yake ni kijiji au chama, na hilo linatosha kabisa. Shamba moja lenye mwenye wake utalipata zaidi upande wa Karatu na Oldeani, kwenye miteremko ya Ngorongoro, au kwenye mashamba makubwa machache ya Kilimanjaro na Arusha. Cha kudai ni jina dogo kuliko la mkoa: chama, kijiji, shamba au kituo cha kuoshea. Jina dogo lina mtu wa kuulizwa nyuma yake.

Pamoja na jina hilo, uliza mwinuko na msimu. Mwinuko kwa sababu kwenye baridi ya juu tunda huiva polepole, punje inakuwa ngumu na hujaa utamu. Mita 1,500 na zaidi ni dalili njema kwa arabika ya huku kwetu. Msimu kwa sababu hata punje ya kijani huchoka. Kaskazini mwa Tanzania wanachuma kuanzia Julai hivi hadi karibu na Krismasi, na Kenya wana msimu mkubwa wa mwisho wa mwaka na ule mdogo wa katikati ya mwaka. Mfuko uliokaangwa juzi kutokana na mavuno ya miaka miwili iliyopita una tarehe mpya na roho ya zamani. Utaujua kwa ladha ya gunia.

Aina ya mbuni ni habari ya ziada, ila kwa kahawa ya Kenya ina uzito. Ukiona SL28 kwenye mfuko kutoka Nyeri au Kirinyaga, simama usome vizuri. Herufi hizo ni za Scott Laboratories ya Kabete, ambako mbuni huo ulichaguliwa katika miaka ya 1930. Mbegu zake hazikutoka Kenya. Mwaka 1931 afisa wa kahawa wa maabara hiyo, A. D. Trench, alizuru Tanganyika akakuta Monduli mibuni iliyokuwa ikistahimili ukame, akachukua mbegu. Kahawa inayosifiwa duniani kuwa ndiyo ladha yenyewe ya Kenya ina mizizi upande wa pili wa mpaka, jambo ambalo huwafurahisha watu wa Arusha kuliko inavyostahili. Lakini sifa si ya mbegu peke yake. Kenya wanaichachusha punje ili ute uachie, wanaiosha, kisha wengi huiloweka tena kwenye maji safi kabla ya kuianika kwenye vichanja. Kikombe kinatoka kisafi, na uchachu wake unakata kama wa zambarau.

Usindikaji ndio unaoeleza mambo mengi utakayoyaonja. Iliyooshwa huwa safi, na ladha ya mahali inasikika bila kelele. Iliyoanikwa na tunda lake inakuwa nzito, tamu, yenye harufu ya matunda yaliyoiva sana, na ikifanywa kizembe inanuka pombe ya mnazi iliyolala. Mimi humshauri anayeanza kununua aanze na iliyooshwa. Makosa hayana pa kujificha ndani yake.

Sasa fungua mfuko uzitazame punje. Zinapaswa kulingana rangi. Chache zilizopauka katikati ya nyingine za kahawia ni zile zilizochumwa mbichi. Hazikaangiki, na kila moja italeta ukakasi wake kikombeni. Punje nyeusi zinazong'aa mafuta, zikiwa bado na wiki moja tu tangu moto, zimekaangwa hadi mlima, kijiji na mkulima wote wameungua pamoja. Katika kiwango hicho kahawa ya Mbozi na ya Brazili zinafanana, na mkaangaji mwenye punje hafifu analijua hilo vizuri. Kinyume chake pia kipo: kwa kuiogopa rangi nyeusi, wakaangaji wapya wa Nairobi na Dar es Salaam wakati mwingine huzitoa mapema mno. Tafuna punje moja. Ikikupa ladha ya nyasi au karanga mbichi, haikuiva.

Kuonja kwenyewe hakuhitaji mashine. Waonjaji wa mnada wa Moshi na wa Nairobi hutumia bakuli, kijiko na maji ya moto, nawe unaweza. Saga gramu 12 kwa chengachenga za wastani, weka kwenye kikombe cha mililita 200, nusa kwanza ikiwa kavu, kisha mimina maji na uiache dakika nne bila kuigusa. Juu litajitengeneza tabaka la unga. Livunje kwa mgongo wa kijiko pua ikiwa karibu kabisa, maana manukato mengi hutoka hapo kwa mkupuo mmoja. Engua povu, subiri ipoe kidogo, kisha fyonza kwa kelele. Mama alikufundisha kutopiga kelele mezani, lakini kelele hizo ndizo zinazoisambaza kahawa kinywani kote na kuipandisha puani. Weka kahawa mbili sambamba. Moja peke yake haikufundishi kitu.

Kinachowashtua waliozoea kahawa ya kopo ni uchachu. Hudhani imeharibika. Lakini uchachu ndio uhai wa arabika ya nyanda za juu, na kazi yako ni kuupambanua. Mzuri una utamu nyuma yake: chungwa, pesheni, ukwaju uliotiwa sukari kidogo. Mbaya ni wa siki, unakwaruza koo na hauachi kitu. Ukakasi ni jambo jingine kabisa, nao hauna utetezi. Ni ule unaokunja ulimi kama umeng'ata bibo, na hutokana na matunda mabichi au kahawa iliyosagwa laini mno. Uchungu kiasi ni haki ya kahawa. Usiwe wa majivu tu.

Robusta ya Kagera ihukumiwe kwa sheria zake. Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa iliyochemshwa na majani ya kunukia na kumkaribishia mgeni kabla ya misheni yoyote kupanda arabika, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika. Usiitafutie chungwa. Itafutie uzito, karanga, kakao chungu, na usafi. Robusta safi, isiyonuka moshi wala vumbi la kuanikwa chini, ni kinywaji cha heshima na inanunuliwa kwa bei ya chini kuliko thamani yake.

Kisha fanya kile ambacho wanywaji wengi hawakifanyi: iache ipoe. Moto mkali huficha mambo. Kikombe kikifikia uvuguvugu ndipo kahawa nzuri hufunguka, utamu ukajitokeza na tunda likajulikana ni lipi. Mbaya ikipoa haimezeki. Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechukua hiki na kuacha alama zote za waonjaji, hata ile ya 80 kwa 100 ambayo kahawa hulazimika kuifikia ili iitwe maalumu.

Kuna kasoro moja ya kuijua kwa jina, hasa ukinunua ya Rwanda, Burundi au Kivu: ladha ya kiazi. Kunguni wa kahawa, Antestia, hutoboa tunda, bakteria huingia, na punje ikisagwa inanuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Kwa macho haionekani. Punje moja inatosha kuharibu kikombe, na mfuko wa kahawa bora kabisa ya Ziwa Kivu unaweza kuwa na mbili tatu. Usimlaumu mkaangaji. Saga ya kikombe kimoja kimoja, nusa unga kabla ya kumwaga maji, na ukisikia kiazi, tupa usage nyingine.

Ndiyo sababu mojawapo ya kununua punje nzima. Nyingine ni kwamba unga hupoteza manukato kwa muda mfupi mno. Mashine ndogo ya kusagia kwa mkono inatosha. Ukiwa na kinu na mchi, twanga bila kuifanya vumbi. Nunua gramu 250 kwa mara moja, si kilo, na kama unakaa pwani funga mfuko vizuri uuweke kabatini mbali na jiko. Jokofu unalolifungua kila saa huiletea unyevu na harufu ya samaki.

Maji nayo. Mtu anaweza kununua kahawa ya bei kubwa akaipikia maji ya chumvi ya kisima cha Dar es Salaam, kisha akashangaa ladha imekwenda wapi. Tumia maji laini, ya chupa ikibidi. Dar yakichemka yamefika nyuzi 100, kwa hiyo yasubiri kidogo. Nairobi na Arusha, kwa sababu ya mwinuko, huchemkia karibu na 95, na unaweza kuyamimina moja kwa moja. Gramu 60 kwa lita ni mahali pazuri pa kuanzia. Sukari weka ukitaka, baada ya kuonja.

Kuhusu bei, kumbuka kwamba kilo moja iliyokaangwa imetokana na kilo saba hivi za matunda yaliyochumwa kwa mkono. Kahawa inayodai kijiji na msimu, huku ikiuzwa sawa na ile isiyodai chochote, ina maelezo ya kutoa.

Na mfuko ukipita wiki ya sita kabla hujaumaliza, usijilazimishe kutafuta chungwa ambalo limeshaondoka. Zirudishe punje kwenye kikaango zipate moto zaidi, zitwange, zichemshe kwenye dele na tangawizi na iliki, umimine kwenye vikombe vidogo, kashata pembeni. Kahawa chungu haikuulizi imelimwa mita ngapi.