Muhogo na Kisukari: Namna Tuhuma Ilivyopimwa

Muhogo, ambao mkulima wa Kililana, katika kaunti ya Lamu, huupanda ili umhifadhi mvua inapoadimika, ulipata kutuhumiwa mbele ya matabibu wa dunia kwamba huzaa kisukari. Na namna tuhuma hiyo ilivyotiwa mizanini ikakosa uzito ni kazi ya ilimu ambayo, kwa rai yangu, haijapewa katika lugha yetu heshima inayoistahiki.

Asili yake ni hii. Katika nchi kadha za joto, aghalabu miongoni mwa mafukara, walionekana vijana waliokonda, wenye sukari nyingi damuni na kongosho lililoharibika. Baadhi yao walikuwa walaji wa muhogo. Na kwa kuwa muhogo mchungu usiotengenezwa vema huwa na sianidi, wakatokea wataalamu waliodhani kwamba sumu ile, kidogo kidogo, huliua kongosho, ambalo ndilo linalotengeneza insulini. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani, lilipozipanga aina za kisukari, lilitenga fungu zima kwa kisukari cha utapiamlo, na dhana ya muhogo ikapata pa kukaa.

Walioichukua taabu ya kuipima ni Profesa Donald McLarty, Mskoti aliyefanya kazi katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na Dk. Andrew Swai, Mtanzania, pamoja na wenzao, akiwamo George Alberti wa Newcastle. Walikwisha kuandikisha hospitalini, tangu 1981 hata 1987, wagonjwa wapya 1,250, wakafuatilia uhai na mauti yao. Lakini daftari la hospitali humjua yule tu aliyeweza kufika, ilhali aliyefia nyumbani maradhi yake yasijulikane, na anayeumwa asijijue, wote wawili hawamo hisabuni.

Kwa hiyo waliwafuata watu vijijini. Kipimo chenyewe hutaka subira: mtu huja asubuhi hajatia kitu kinywani tangu usiku, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa majini, hukaa saa mbili, kisha hutolewa damu tena. Mwenye mwili mzima huwa ameshaiondoa damuni sukari ile. Aliyebakiwa na milimoli 11.1 au zaidi katika lita ya plazima huhesabiwa kuwa ana kisukari, na aliye baina ya 7.8 na kiwango hicho huhesabiwa kuwa mwili wake umeanza kulemewa. Kumkalisha mkulima muda huo wote, na palizi inamngoja, si jambo jepesi. Na wasipokubali wengi, wazima kwa wagonjwa, hesabu haisimami. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha majibu ya watu zaidi ya 6,000 wa vijiji sita: waliokuwa na kisukari hawakutimia mmoja katika mia, bali waliolemewa walikaribia wanane.

Baada ya kupata msingi huo ndipo walipoukabili muhogo. Walikwenda mkoa wa Mara, Tanzania, ambako ukame wa katikati ya miaka ya 1980 uliwashurutisha watu kula muhogo mchungu pasipo kuuandaa kwa siku za kutosha, hata wengine wakapatwa na konzo, maradhi yanayopooza miguu kwa ghafula. Hapo palikuwa na ushahidi usiopatikana hospitalini, kwani sianidi iliwayo, ikiwa mwilini, hugeuka thiosianati na kutoka kwa mkojo, hivyo mkojo ulithibitisha nani ameila sumu, na damu ikaeleza kama kongosho lake limedhurika. Kijiji cha walaji muhogo kililinganishwa na kijiji ambako muhogo si chakula cha kutegemewa. Kama dhana ingekuwa kweli, kisukari kingezidi kule kwenye sumu, lakini hakikuzidi. Jawabu lilitoka mwaka 1992, na miongoni mwa waliolitia sahihi alikuwamo Hans Rosling wa Uswidi. Hata hivyo, msomaji asiache kuuloweka na kuukausha muhogo mchungu: konzo ni kweli, na haina dawa ya kuiondoa.

Basi kinachozidisha kisukari ni nini? Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, uliwaweka watu wa Ilala, Dar es Salaam, mkabala na watu wa Shari, kijiji cha Kilimanjaro. Mjini kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake, kijijini 1.7 na 1.1. Unene na mwili usiotumikishwa vilikuwa na sehemu katika tofauti hiyo.

Kililana leo iko njiani baina ya Shari na Ilala. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 katika ardhi iliyokuwa ya mashamba, na aliyekuwa akilima na kutembea atapata kazi ya kukaa na chakula cha kununua. Naiomba serikali ya kaunti ya Lamu, pamoja na vyuo vikuu vya pwani, iwapime watu wazima wa Kililana kwa kipimo kile kile cha saa mbili, nyumba kwa nyumba, maadamu wakulima bado wapo, na iwarudie kila baada ya miaka michache.