Nguzo za Tongoni zilivyojengwa

Anayetoka Ushongo huvuka Mto Pangani pale Bweni, kisha hushika barabara ya Tanga hadi Tongoni, kilomita 20 hivi kabla ya kuingia mjini. Hapo pana msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi ya karne ya 14 na 15. Masimulizi ya pwani huyahesabu kuwa ya Washirazi, watu waliotoka Uajemi. Ukiikagua kazi yenyewe, mimi naona madai hayo yanayumba.

Naqsh-e Rostam, huko Iran, ndiyo Uajemi yenyewe, kaburi la mfalme Dario limechimbwa ndani ya jabali: fundi aliukuta mwamba, akapunguza. Tongoni hakuna jabali, kwa hiyo fundi alijenga kwa kuongeza. Kuta ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu, magumu, yasiyokubali nakshi, yameungwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyopangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, kisha yakazimuliwa kwa maji. Kwa kingo na nakshi yalihitajika matumbawe mengine, yaliyokatwa baharini yangali hai. Yakiwa mabichi hukatika kwa tezo kama muhogo, yakikauka hushupaa. Mchongaji alilazimika kuwahi.

Juu ya ukuta wa kaburi la mkubwa ndipo iliposimama nguzo. Nyingi zimeanguka, lakini sogea karibu na zilizobaki utazame lipu: kuna vishimo vya mviringo, laini kwa ndani. Humo zilikandamizwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, lipu ikiwa bado mbichi. Bakuli zimeng'olewa zamani. Umbo lake limebaki kwenye chokaa.

Na Uajemi uko wapi? Mwaka 1857 Richard Burton alikiona hapo kigae kilichong'arishwa, chenye maandishi ya Kiajemi. Hicho ndicho ushahidi unaotajwa sana. Lakini kigae ni bidhaa, kilikuja na jahazi kama bakuli zilivyokuja. Kama kigae kinatosha kumfanya marehemu kuwa Mwajemi, basi kauri za China zingemfanya Mchina!

Makaburi ya nguzo utayakuta Kaole karibu na Bagamoyo, utayakuta Malindi, na kwingine mwambao huu wa Waswahili. Iran hayapo. Waliozisimamisha nguzo za Tongoni ni mafundi wa pwani hii, kwa mawe ya bahari hii.