Mshahara Hauna Bango

Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, na nchi nzima ikabaki na tarakimu moja kichwani: shilingi bilioni 225.6. Maneno "kwa miaka 10" yalikuwepo kwenye taarifa, ila yalikaa mkiani mwa sentensi, msikilizaji akiwa ameshashtuka. Sentensi ile inastahili kusomwa kwa utulivu tunaousomea ubeti wa shairi, maana fani yake imekuwa fani ya karibu kila habari ya fedha katika soka letu. Jumla hutangulia, muda hufuata, na mgawanyo hautajwi.

Tuigawe basi. Bilioni 225.6 kwa miaka 10 ni wastani wa bilioni 22.56 kwa msimu. Ligi ina timu 16. Hata kama fedha zote zingegawanywa sawa, bila hata senti kwenda kwingine, hakuna klabu ambayo ingevuka bilioni 1.41 kwa mwaka. Na mgawo wenyewe si sawa, kwani sehemu yake hufuata nafasi ya timu kwenye msimamo. Sasa weka pembeni yake taarifa ya fedha iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa Yanga Juni 2024: mapato bilioni 21.2, matumizi bilioni 22.3, upungufu wa kama bilioni 1.1. Klabu moja, kwa mwaka mmoja, ilitumia karibu sawa na wastani wa fedha za televisheni za ligi nzima. Ulinganisho huo mmoja unaeleza soka letu kuliko hafla zote za kutia saini, lakini huwezi kuufanya mpaka uivunje sentensi ya kwanza kwa mikono yako.

Fani hii hudanganya hata pale ambapo hakuna aliyesema uongo. Mwaka 2022 Yanga walitangaza mkataba wa udhamini wa SportPesa wa bilioni 12.3, na muda mfupi baadaye Simba wakatangaza wa M-Bet wa bilioni 26.1. Vijiweni, Simba waliwacheka Yanga kwa zaidi ya mara mbili. Mkataba wa Yanga ulikuwa wa miaka 3, wa Simba miaka 5. Ukigawa, ni kama bilioni 4.1 kwa mwaka dhidi ya bilioni 5.2. Tofauti ipo, tena si ndogo, lakini haifanani hata kidogo na kicheko kile.

Fani hiyo ina kifaa chake, nacho ni hundi ya mfano. Ni bango gumu linaloshikwa na watu wawili watatu mbele ya kamera, lenye nembo, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno, na sahihi. Imetengenezwa isomwe kutoka mbali. Hundi ya kweli ni karatasi ya siri kidogo, kati ya mlipaji, mlipwaji na benki, na jambo zito ndani yake ni tarehe. Kwenye hundi ya mfano tarehe ni ya hafla. Julai 2021 mwekezaji Mohamed Dewji alipoikabidhi Simba hundi ya aina hiyo ya bilioni 20, thamani ya hisa 49 kwa mia za klabu, picha ilikuwa imekamilika siku ile ile. Maswali ya wanachama kuhusu lini na kwa namna gani fedha hizo zitafanya kazi yaliendelea kwa miaka. Silaumu picha. Nasema tu kwamba picha ilijibu swali la "kiasi gani" kwa herufi kubwa kiasi kwamba swali la "lini" halikupata pa kukaa.

Usajili una fani ya pili, iliyo kinyume cha hiyo. Hapa muda unatajwa na fedha zinafichwa. Kuna kivuli cha mtu asiyeonekana uso, kuna saa sita ya usiku, kuna mashabiki wanaobahatisha kwa urefu wa nywele, kisha jina na jezi, na chini yake mwaka ambao mkataba utaisha. Ni kazi ya taharuki iliyokomaa kweli kweli, na wanaozitengeneza video hizi ni miongoni mwa wasimulizi hodari tulio nao sasa. Lakini dau halimo. Nafasi yake huachiwa waandishi, ambao nao huandika "inaelezwa kuwa", kauli isiyo na mwenye kueleza. Mchezaji anayeondoka hupewa bango lake la "Thank You", na humo pia hakuna hesabu. Amekuja bila bei na ameondoka bila bei, na kati ya mabango hayo mawili kuna mshahara wa kila mwezi, ambao ndio gharama yenyewe.

Mfugaji wa Balangdalalu, kule Hanang mkoani Manyara, haelezwi hili mara mbili. Bei ya ndume mnadani inasikika na kila mtu, lakini anayejua mifugo anapiga hesabu ya chumvi, dawa ya kupe, maji ya kiangazi na mchungaji, kwa sababu bei ni ya siku moja na matunzo ni ya kila siku. Klabu zetu hutangaza siku ya mnada tu.

Kwa hiyo mshahara huingia vipi kwenye maandishi? Kwa ugomvi. Nimelitafuta bango la mshahara katika soka letu na sijaliona. Nimeona barua za madai. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 aliiandikia Yanga kuvunja mkataba na akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu: milioni 100 ya kurudisha fedha ya usajili, na milioni 12 ya mishahara ya miezi mitatu. Tazama fani ya malipo hayo. Hakuna mahali alipoandika "mshahara wangu ni milioni nne kwa mwezi", ila aliyejua kugawanya kwa tatu alikwisha kuujua. Kiungo aliyekuwa akiimbwa na uwanja mzima, katika klabu iliyokuwa njiani kwenda fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, alijitangazia mshahara kwa njia ya hesabu ya kuondoka. Kamati ya TFF iliamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mama yake mzazi akajitokeza na kusema mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari, na kauli hiyo ikageuzwa kuwa mzaha kwenye kila kijiwe.

Mzaha ule ulinisikitisha, na kama mhakiki naona sababu yake iko kwenye fani. Klabu zilikuwa na lugha ya mabilioni, kamati zilikuwa na lugha ya vifungu, na mama hakuachiwa lugha yoyote ya kuzungumzia ujira isipokuwa ya chakula. Akaitumia. Masikio yaliyozoea hundi za mfano yakaona kituko. Ilibidi Rais Samia Suluhu Hassan, alipowapokea Yanga Ikulu Juni 2023, awaombe viongozi walimalize jambo hilo, na siku chache baadaye Fei Toto akawa mchezaji wa klabu ya Azam. Zingatia na hili: kampuni iliyonunua haki za matangazo na klabu iliyomchukua mchezaji zote ziko chini ya kampuni mama moja, ya Bakhresa. Ni biashara halali, lakini simulizi ya fedha za ligi ikisomwa bila jambo hilo inakuwa pungufu.

Utanzu mwingine wa mshahara ni taarifa ya kufungiwa. FIFA inaizuia klabu kusajili hadi imlipe mchezaji au kocha wake wa zamani, TFF inautangazia umma, na barua imeandikwa kwa kauli ya kutendwa kuanzia juu hadi chini: klabu imefungiwa, klabu ilitakiwa, malipo hayakufanyika. Nani hakulipa, na fedha zilikwenda wapi badala yake, barua haina haja ya kusema. Mara nyingi jibu lipo kwenye mabango ya dirisha la usajili lililopita.

Ukiwa Balangdalalu, kata ya Wilaya ya Hanang, timu ya Ligi Kuu iliyo mkoani kwako ni Fountain Gate, ambayo msimu wa 2024/25 ilikuwa ikichezea Uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati. Jina lake lenyewe ni taarifa ya fedha. Ilianza kama DTB, ikapanda ligi na kuwa Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, kisha ikaiacha Singida na kuja Manyara na nusu ya jina. Pengo la Singida likajazwa na Ihefu ya Mbarali, iliyohamia huko na kugeuka Singida Black Stars. Mlipaji akibadilika, jina hubadilika, na mji pia. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 hazijui maisha hayo. Februari 2025 Fountain Gate iliwabana Simba pale Kwaraa kwa sare ya 1-1, na kwa dakika 90 tofauti ya bajeti haikuonekana kwenye ubao wa matokeo. Inaonekana mwezi unapoisha.

Wengi wa Balangdalalu huziona mechi hizo kwenye kibanda umiza: bati, mabenchi, runinga moja na king'amuzi kimoja. Nje kuna ubao wa chaki wenye timu, saa na kiingilio. Ninauheshimu ubao huo kama maandishi. Katika mnyororo mzima wa fedha za soka, kutoka kijijini hadi ofisi za shirikisho, ni mahali pekee ninapoona kinachouzwa na bei yake vikikaa mstari mmoja. Na hapo hapo kuna jambo lisiloandikwa: watu hamsini waliokaa ndani ni kifurushi kimoja. Kila mmoja ametoa fedha yake, lakini kwenye hesabu ya wateja wa televisheni wanahesabiwa mmoja. Anayeshangaa kwa nini nchi yenye mashabiki wengi hivi ina ligi ambayo fedha zake za matangazo haziwezi kubeba mishahara, aanzie kwenye benchi hilo.

Uingereza nao wana fani zao za kuficha, ila wanapindua kwa upande wa pili. Chelsea walipomnunua Enzo Fernández mapema 2023 kwa pauni milioni 106.8, walimpa mkataba wa miaka 8 na nusu, na vitabuni bei ikasambazwa kwa miaka hiyo: kama milioni 12.6 kwa mwaka. Wao hugawa ili gharama ionekane ndogo. Sisi hujumlisha ili mapato yaonekane makubwa. UEFA ilipoiona mbinu hiyo iliweka ukomo wa miaka mitano, na kuanzia msimu wa 2025/26 klabu iliyo kwenye mashindano yake haitakiwi kuvuka asilimia 70 ya mapato kwa mishahara, usajili na mawakala vikiwekwa kapu moja. Thamani ya kanuni hiyo, kwa macho ya mhakiki, ni kwamba imelazimisha vitu vitatu vilivyokuwa vikisimuliwa mbalimbali visimuliwe pamoja. Nayo fedha ya televisheni ya ndani ya Ligi Kuu ya England ina kanuni inayojulikana: nusu sawa kwa wote, robo kwa nafasi kwenye msimamo, robo kwa idadi ya mechi zilizoonyeshwa. Shabiki anaweza kukaa na kalamu.

Kwetu, hatua ya karibu zaidi na hiyo ni mkutano mkuu wa Yanga. Mwaka 2023 walisoma mapato ya bilioni 17.8 na matumizi ya bilioni 17.3, mwaka uliofuata wakasoma upungufu, mbele ya wanachama. Kukiri upungufu ukumbini, baada ya misimu ya vikombe, ni tendo la kiungwana na liandikwe hivyo. Hata hivyo usomaji wenyewe ni wa sauti, wa dakika chache, kati ya hotuba na makofi, na kinachobaki kesho yake magazetini ni tarakimu mbili. Kiasi gani cha bilioni 22.3 kilikuwa mishahara, kiasi gani madau ya usajili, kiasi gani safari za Afrika, msomaji wa Katesh au Dongobesh, huko Manyara, hana pa kukitazama.

Na nyaraka zenyewe zipo. Kanuni za leseni za klabu, ambazo CAF inazitaka na TFF ina kamati yake ya kuzisimamia, zina kipengele cha fedha: hesabu zilizokaguliwa, na uthibitisho kwamba klabu haina malimbikizo ya madeni kwa wachezaji. Maana yake kila mwaka, kabla ya ligi kuanza, kuna mafaili ambamo televisheni, usajili na mshahara vinakutana kwenye ukurasa mmoja, bila muziki na bila kivuli cha saa sita usiku. La Liga huchapisha hadharani kiwango ambacho kila klabu inaruhusiwa kutumia kwa kikosi chake. Bodi ya Ligi yetu inaweza kuchapisha hata kurasa mbili kwa kila timu, na ningeanza kusoma za Fountain Gate, kwa sababu kwa klabu ya ukubwa ule mgawo wa televisheni na jumla ya mishahara vikiachana kwa miezi mitatu tu, timu inaweza kuhama mji tena.