Ziwa Moja, Majina Mawili

Ililetwa mezani kwetu rasimu ya tafsiri ya taarifa iliyotoka Malawi. Kila mahali mwenye taarifa aliposema "Ziwa Malawi", mfasiri ameandika "Ziwa Nyasa". Alipoulizwa alijibu kwamba ziwa ni lile lile.

Jibu hilo si la kupuuzwa. Ndiyo hoja ya Mwingereza John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1843 kwamba jina la pekee hutaja kitu tu, halikielezi. Ushahidi uko Mbamba Bay. Asili ya "Nyasa", kama "nyanja", ni maji makubwa. Kwa hiyo "Ziwa Nyasa" ni kama kusema "Ziwa Ziwa", wala hakuna mvuvi aliyepotea kwa sababu hiyo. Na Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, hakuna aliyedhani ni wilaya ya majini.

Lakini Mjerumani Gottlob Frege alionyesha mwaka 1892 mahali hoja ya namna hii inapokwama. Majina mawili yaweza kutaja kitu kimoja, kila moja likakileta kwa njia yake; na tunapoeleza usemi wa mtu mwingine, hatuwezi kuyabadilisha tupendavyo. Malawi hushikilia kwamba, kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, mpaka unapita kwenye ufuko wetu. Tanzania hushikilia kwamba unapita katikati ya maji. Afisa wa Malawi akiandika "Ziwa Malawi", nasi tukamsomesha "Ziwa Nyasa", tumemlisha maneno. Mkubwa wa idara asomaye faili hilo aweza kuamini kwamba upande wa pili umelegeza msimamo.

Wapo watakaomtetea mfasiri kwa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake: kusema ni kutenda, basi mtumishi wa serikali atende kwa niaba ya nchi yake. Hapa sikubaliani nao. Austin mwenyewe alitaka tendo la usemi lifanywe na mtu astahiliye, mahali pastahilipo. Katika barua yake mwenyewe mtumishi ndiye mnenaji, na "Ziwa Nyasa" ni wajibu wake. Katika tafsiri, mnenaji ni mwingine.

Rasimu ilirudishwa. Mfasiri alikubali shingo upande, akauliza: je, taarifa ya Kijerumani ya mwaka 1914 inayotaja Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo? Tulimjibu aandike Sphinxhafen, na Liuli aiweke katika mabano.