Kujua Lini Fuwele Ikome Kukua

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Machakos, runinga zenye maandishi ya QLED huwekwa karibu na mlango, ili wekundu wake umshike mpita njia. Wekundu huo unatokana na punje za fuwele zenye upana wa nanomita chache. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Punje hizo huitwa nukta kwantamu, na wanaozisifu husifu picha. Mimi nazihusudu kwa jinsi zinavyotengenezwa, na kwa ajili ya mtu aliyetumia umri wake kujifunza kuzitengeneza sawasawa.

Panga chupa nne mbele ya taa ya urujuanimno, zote zikiwa na kiwanja kimoja cha kadimi na seleni. Yenye punje za nanomita mbili itang'aa buluu. Zinazofuata zitakuwa za kijani na za machungwa, na yenye punje za nanomita sita itawaka nyekundu. Hakuna rangi iliyotiwa humo, wala elementi iliyoongezwa. Ukubwa ndio uliobadilika. Elektroni ndani ya fuwele huenda kama wimbi, na wimbi huhitaji nafasi. Fuwele ikiwa ndogo mno elektroni hubanwa, nishati yake hupanda, na inapotua hutoa mwanga wa nishati kubwa, yaani wa buluu. Fuwele ikipanuka, mwanga nao husogea kuelekea nyekundu. Kwa hiyo anayetaka rangi moja safi hana budi kukuza punje zisizohesabika na kuzifanya zote zilingane, kwa sababu hata safu chache za atomi zikizidi, jicho la kawaida litaona.

Kazi ilianzia kwenye kioo. Alexei Ekimov, aliyekuwa katika taasisi ya macho ya Vavilov mjini Leningrad, alitia kloridi ya shaba ndani ya kioo, akakichoma kwa nyuzi kati ya 500 na 700 za Selsiasi. Vipande vingine alivitoa baada ya saa moja, vingine akaviacha tanurini hadi saa 96. Alipovipiga eksirei alikuta punje za nanomita mbili katika baadhi yake, na katika vingine punje zilizofika 30. Kadiri punje zilivyokuwa ndogo ndivyo mwanga zilioufyonza ulivyosogea upande wa buluu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1981. Nikisoma habari hizo macho yangu hukwama kwenye zile saa 96. Ni siku nne za kulisha tanuri bila kujua ndani ya kioo kunaendelea nini, na jibu halipatikani mpaka kila kitu kipoe.

Mwaka 1983 Louis Brus, katika maabara za Bell nchini Marekani, aliona jambo hilohilo kwa punje zinazoelea kwenye kimiminika. Alikuwa akitumia mwanga kuchochea mabadiliko ya kikemia, akatambua kwamba mchanganyiko uliokaa mezani ulibadilika tabia. Punje mpya zilikuwa na nanomita 4.5 hivi, za siku iliyofuata zilikuwa zimefika 12.5. Zilikuwa zikikua zenyewe, bila mtu kuzigusa. Hiyo ilikuwa habari njema na mbaya kwa pamoja, maana kitu kinachokua chenyewe hakijui pa kusimama.

Hapo ndipo anapoingia Moungi Bawendi. Alizaliwa Paris mwaka 1961, baba yake akiwa mwanahisabati kutoka Tunisia, akalelewa Ufaransa, Tunisia na Marekani. Siku alipotangazwa kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Ekimov na Brus, tarehe 4 Oktoba 2023, aliwasimulia waandishi wa habari kwamba katika mtihani wake wa kwanza wa kemia huko Harvard alipata alama 20 kwa 100. Natamani kila mwalimu wa kemia katika kaunti hii awasomee wanafunzi wake habari hiyo siku ya kurudisha karatasi za mtihani.

Bawendi alifika kwa Brus mwaka 1988 kufanya utafiti baada ya shahada ya uzamivu, kisha mwaka 1990 akahamia MIT. Tatizo alilolibeba halikuwa la nadharia. Punje zilizotengenezwa wakati ule zilikuwa mchanganyiko wa kubwa kwa ndogo, zenye kasoro tele, na nyingi hazikung'aa ipasavyo. Jibu alilipata mwaka 1993, akishirikiana na wanafunzi wake Christopher Murray na David Norris, na huko ndiko ninakotaka kukaa kidogo.

Walianza na kiyeyushi kizito chenye fosforasi, wakakikausha ndani ya ombwe, kisha wakakipandisha hadi nyuzi 300 huku gesi ya agoni ikizuia hewa isiingie. Kwenye bomba la sindano waliweka kiwanja cha kadimi kinachoweza kushika moto kikigusa hewa, pamoja na seleni iliyokwisha kuyeyushwa. Yote yalimwagwa kwa mkupuo mmoja. Kwa kitambo kifupi kimiminika kikashiba kupita kiasi, na mbegu za fuwele zikazaliwa kwa wakati mmoja. Lakini kile kilichomwagwa kilikuwa baridi, kwa hiyo joto likaanguka hadi nyuzi 180 hivi, na uzazi ukakatika papo hapo. Humo ndimo ulimo ubunifu wote wa kazi ile, kwani mbegu zilizozaliwa pamoja hukua pamoja, na hakuna inayochelewa kuja ikazivuruga nyingine.

Baada ya hapo huja subira. Joto hupandishwa polepole hadi kati ya nyuzi 230 na 260. Kila baada ya dakika tano au kumi fundi hutoa matone machache na kupima mwanga yanaoufyonza. Mchoro ukianza kutanuka, maana yake punje kubwa zimeanza kunenepa kwa hasara ya zile ndogo, basi hupunguza joto. Ukuaji ukidorora, hulipandisha tena. Mwisho huongeza methanoli kidogo kidogo mpaka kimiminika kianze kufifia kama maziwa mepesi. Punje kubwa hutangulia kuzama, naye huzitenga. Akirudia hivyo mara kadhaa hubaki na punje zinazotofautiana kwa chini ya asilimia tano. Kwa njia hiyo walipata ukubwa wowote waliotaka, tangu nanomita 1.2 hadi 11.5.

Watu wa Machakos wameishi na ufundi wa subira kwa zaidi ya karne moja. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akiwa na maarifa ya uchongaji, na ndiyo yaliyozaa biashara ya vinyago ya Wakamba. Mchongaji wa Wamunyu hupunguza kwa tezo, na akikata kupita kiasi hawezi kurudisha mti. Mkuza fuwele huongeza, na akizidisha, nusu nanomita imempotea. Wote wawili wanafanya kazi upande mmoja tu wa wakati.

Waliofuata waliendeleza mbinu ile. Mwaka 1996 Margaret Hines na Philippe Guyot-Sionnest, mjini Chicago, walizivisha punje ganda jembamba la zinki na salfa, na mwangaza wake ukaongezeka mara kadhaa. Mwaka 2001 Xiaogang Peng na mwenzake huko Arkansas walionyesha kwamba unga wa kawaida wa oksidi ya kadimi unaweza kuchukua nafasi ya kile kiwanja hatari. Hatua hiyo naithamini sana, kwa kuwa iliwafungulia mlango watu wasio na vyumba vya kifahari. Katika bara letu, Neerish Revaprasadu wa Chuo Kikuu cha Zululand amejenga kazi yake yote juu ya nanofuwele, akianzia kwa Paul O'Brien mjini London. Kadimi bado ni sumu, na ndiyo sababu viwanda vingi vya runinga vimehamia fosfidi ya indi, ambayo punje zake ni ngumu zaidi kuzilinganisha.

Kwetu Kenya nanofuwele zilizosomwa kwa muda mrefu ni za dioksidi ya titani, zile za seli za jua zinazopakwa rangi. Kilomita zipatazo 65 kutoka Machakos, kwenye bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, kundi lenye akina Bernard Aduda, Julius Mwabora na Justus Simiyu limeishughulikia kwa miaka mingi, likishirikiana na wenzao wa Uppsala nchini Uswidi. Mwaka 2004 Mwabora alichapisha pamoja nao utafiti wa kuitia titani nitrojeni ili ifyonze pia mwanga unaoonekana, kwa kuwa peke yake hufyonza urujuanimno tu. Hapo nina uchungu kidogo. Kuanzia mwaka 2014 mchanga wetu wa titani wa Kwale ulipakiwa melini kwenda ng'ambo, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, ilhali watu wanaojua cha kuufanyia walikuwa hapa hapa.

Seli hizo za jua hutaka jicho lile lile la Bawendi. Uji mzito wa nanofuwele hupakwa juu ya kioo kilichobandikwa utepe pembeni, na unene wa utepe ndio unaoamua unene wa tabaka. Kisha kioo huchomwa kwa nyuzi 450 kwa nusu saa hivi. Moto ukipungua, punje hazishikani na elektroni hazipiti. Ukizidi, punje hunenepa na kuungana, na nafasi ya kushika rangi hupotea. Na ukipita nyuzi 600 hivi, fuwele hizo, zenye umbo liitwalo anatase, huanza kugeuka kuwa rutile, umbo lile lile lililochimbwa Kwale, nayo seli hutoa umeme pungufu.