Zizi bila kamba: Sergei Afanasyev na roketi za Wasovieti

Injini ya roketi iliyoitwa NK-15 ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo: ikishawashwa, haiwashwi tena. Baadhi ya vali zake zilifunguliwa kwa mlipuko mdogo wa baruti, na vali ya namna hiyo hufunguka mara moja tu maishani mwake. Basi kule Kuibyshev, kando ya mto Volga, mafundi walitoa injini 6 kwa mkupuo mmoja, wakachagua 2, wakaziwasha mpaka mwisho. Zikifaulu, zile 4 zilizobaki zilipokelewa bila kuonja moto. Ndivyo afanyavyo mnunuzi wa mchele sokoni: anachoma gunia kwa bambo, anaziangalia punje kiganjani, analipa. Lakini punje moja mbovu haivunji sufuria. Roketi ya N1, iliyokusudiwa kumfikisha Msovieti mwezini, ilibeba injini 30 za aina hiyo chini yake.

Mwenye dhamana ya roketi hiyo serikalini alikuwa Sergei Afanasyev, Waziri wa Mitambo ya Jumla kuanzia Machi 1965 hadi Aprili 1983. Jina la wizara lilikuwa la kuzuga. Mitambo hiyo ya jumla ilikuwa makombora, roketi na vyombo vya anga. (Mabomu ya nyuklia nayo yalikuwa na wizara yake, ya “mitambo ya kati”.) Mtu huyuhuyu, kwa viwanda hivihivi, ndiye aliyeijaza nchi makombora kuliko Marekani, na ndiye aliyeshindwa kuirusha N1 hata mara moja ikafika. Watu hupenda kueleza kushindwa huko kwa kifo cha msanifu mkuu Sergei Korolev, Januari 1966. Mimi naona tuangalie jinsi wizara yenyewe ilivyojengwa.

Afanasyev alizaliwa Klin, jirani na Moscow, mwaka 1918, akahitimu chuo cha ufundi cha Bauman mwaka 1941, mwaka ambao Wajerumani walivamia. Alianzia kwenye viwanda vya mizinga, na huko ndiko alikojifunza asichokisahau: kwamba silaha ni ile inayotoka kiwandani leo na nyingine kama hiyo kesho. Alisifika kwa ukali wa kufuatilia tarehe, na jina la utani lililomganda ni Nyundo Kubwa.

Mwaka 1957 kiongozi wa nchi, Khrushchev, alivunja wizara nyingi za viwanda na kuvigawa viwanda kwa mabaraza ya uchumi ya mikoa. Kwa upande wa roketi, matokeo yalikuwa ya ajabu. Ofisi za usanifu zilisimamiwa na kamati ya serikali kuu, huku viwanda vilivyotakiwa kuitekeleza michoro yao vikisikiliza mabaraza ya mikoa, ambayo yalikuwa na matrekta na majokofu ya kuhangaikia. Msanifu aliyetaka mabomba 200 alilazimika kubembeleza ngazi mbili. Afanasyev aliujua mkanganyiko huo kutoka ndani, maana yeye mwenyewe aliongoza baraza la Leningrad, kisha kuanzia 1961 baraza la uchumi la Jamhuri nzima ya Urusi. Khrushchev alipong'olewa Oktoba 1964 na wizara kurejeshwa, aliyepewa kazi ya kuvirudisha viwanda vya roketi Moscow ni mtu aliyejua vilivyotawanyika.

Kazi hiyo aliifanya vizuri. Chini ya paa moja ziliingia ofisi ya Korolev huko Podlipki, ya Yangel kule Dnepropetrovsk pamoja na kiwanda chake kikubwa, ya Makeev kule Miass iliyotengeneza makombora ya nyambizi, ya Glushko wa injini, na ya Chelomei, ambaye hadi wakati huo alikuwa upande wa sekta ya ndege. Ziliingia pia ofisi za mifumo ya uongozaji na za mitambo ya kurushia.

Paa hilo lilizaa matunda kwa kombora la UR-100 la Chelomei. Lilikuwa dogo na jepesi kwa kulinganisha na yaliyolitangulia, na mafuta yake hayakuhitaji baridi kali kama oksijeni ya kimiminika. Liliteremshwa shimoni ndani ya kasha lake, na likishajazwa lilikaa miaka likisubiri amri. Kitu cha namna hiyo ndicho kiwanda kinachokipenda: kinafanana na kilichotangulia, kinabebwa kwa reli, na kasoro ya la kwanza hurekebishwa kwenye la ishirini. Zaidi ya 900 yalitegwa. Mkataba wa SALT wa kudhibiti silaha za nyuklia uliposainiwa Mei 1972, Marekani iliruhusiwa mitambo 1,054 ya kurushia makombora ya kuvuka mabara, na Wasovieti 1,618. Miaka kumi kabla yake Wamarekani walikuwa mbele kwa mbali.

Sasa irudishe akili kwenye N1, uone jinsi ilivyokuwa kinyume cha hayo yote. Urefu wake ulikuwa mita 105 na unene wake ulizidi chochote ambacho reli ingeweza kukibeba, kwa hiyo matangi yake ya duara yalichomelewa palepale uwanja wa Baikonur, nyikani Kazakhstan. Wamarekani walikuwa na roketi yao ya Saturn V, na hatua yake ya kwanza waliisafirisha kwa tishari, wakaifunga kwenye mtambo wa majaribio huko Mississippi na kuziwasha injini zake 5 kwa pamoja kabla ya kuithubutu angani. Mtambo kama huo kwa N1 ungekuwa wa gharama kubwa na ungekula muda, na mtambo haukujengwa. Hapa ndipo lawama yangu inapomfikia waziri mwenyewe. Sekta yake ilizoea kujifunza kwa kurusha: kombora la kwanza linalipuka, la tano linayumba, la kumi linafika. Kwa UR-100 hilo ni busara. Kwa chombo kinachojengwa kimoja kimoja kwa jasho la miezi mingi, ni kamari.

Injini nazo zilikuwa nje ya paa. Glushko, bingwa wa injini nchini, aligombana na Korolev juu ya mafuta. Korolev alitaka mafuta ya taa na oksijeni, Glushko akang'ang'ania mafuta yale ya makombora, yenye sumu. Korolev akamwendea Nikolai Kuznetsov, mtengenezaji wa injini za ndege. Ofisi ya Kuznetsov ilibaki wizara ya ndege hata baada ya 1965. Waziri wa roketi, basi, alikuwa akiomba kiungo cha hatari kuliko vyote kutoka kwa waziri mwenzake, ambaye mwezi haukuwa ajenda yake.

Februari 21, 1969, moto ulizuka sehemu ya nyuma na mfumo wa udhibiti ukazizima injini zote. N1 ya kwanza ikafa kabla ya sekunde ya 70. Julai 3, siku 17 kabla ya Armstrong kukanyaga mwezi, pampu ya oksijeni ya injini namba 8 ililipuka roketi ikiwa ndiyo kwanza inaondoka. Mfumo ukazima injini 29 kati ya 30, na mlima ule wa mafuta ukarudi kuangukia uwanja wake wa kurushia. Juni 1971 roketi ya tatu ilijizungusha mpaka ikakatika. Novemba 1972 ya nne ilikwenda sekunde 107, ikalipuka hatua ya kwanza ikiwa karibu kabisa kumaliza kazi yake.

Waswahili husema fahari wawili hawakai zizi moja. Afanasyev alikuwa na watatu au wanne, na kamba haikuwa mkononi mwake. Juu yake alikuwepo Dmitry Ustinov, katibu wa Kamati Kuu ya chama aliyeshughulikia viwanda vya silaha. Ustinov hakumpenda Chelomei. Afanasyev na waziri wa ulinzi Grechko walimuunga mkono Chelomei huyo. Kiangazi cha 1969 ugomvi wa Yangel na Chelomei juu ya makombora ya kizazi kipya ulipelekwa karibu na Yalta, mbele ya kiongozi wa chama, Brezhnev. Jibu lililotoka ni la baba anayeogopa watoto wake: tengenezeni yote. Ndiyo maana miaka ya 1970 nchi ilijenga makombora mawili ya ukubwa unaokaribiana kwa kazi ileile, mbali na lile zito la R-36M.

Kamba ilipokazwa kutoka juu, wizara ilikimbia. Desemba 1969 wahandisi kadhaa wa ofisi iliyokuwa ya Korolev walimruka bosi wao, Vasily Mishin, wakaenda moja kwa moja kwa Ustinov na wazo: tuchukue magamba ya kituo cha Almaz ambacho Chelomei anakijenga, tuyatie vifaa vya chombo chetu cha Soyuz. Amri ikatoka Februari 1970. Afanasyev, rafiki wa Chelomei, ndiye aliyepaswa kumnyang'anya magamba hayo, na alimnyang'anya. Aprili 19, 1971, miezi 14 baadaye, Salyut ikawa kituo cha kwanza cha anga duniani. Nadhani hakuna kipindi kinachoonyesha uwezo wa waziri huyu, na mpaka wa uwezo huo, kuliko miezi hiyo 14.

Mei 1974 Mishin aliondolewa, na ofisi ikakabidhiwa kwa Glushko, yuleyule aliyekataa kuitengenezea N1 injini. Mradi ukasimamishwa papo hapo, roketi mbili nyingine zikiwa karibu tayari. Hizo zilikuwa zifungwe injini mpya, NK-33, ambazo kila moja iliwezekana kuwashwa, kupimwa na kuwashwa tena. Somo la gunia lilikuwa limeeleweka, na vipande vya N1 vikaishia kuwa mabanda na mapaa ya vivuli huko Baikonur.

Aprili 1983 Afanasyev alihamishiwa wizara ya mitambo mizito na ya usafirishaji. Ustinov wakati huo alikuwa waziri wa ulinzi. Afanasyev alistaafu uwaziri mwaka 1987, akafariki Moscow mwaka 2001.

Amri ilikuwa injini za NK-33 ziharibiwe. Kuznetsov alizificha ghalani, na miaka ya 1990 kadhaa ziliuzwa Marekani, zikakarabatiwa na kufungwa kwenye roketi ya Antares. Iliruka salama Aprili 2013. Oktoba 28, 2014, sekunde chache baada ya kuondoka Wallops, Virginia, Antares nyingine ilianguka na kulipukia karibu na uwanja wake. Wachunguzi walifuatilia chanzo mpaka ndani ya injini moja, kwenye pampu ya oksijeni.